Haimo

"Haimo," alisema kijana wa dirishani.
Hakunitazama. Alikitazama kidole chake
kikishuka kwenye karatasi mpaka chini,
kikarudi juu kama mtu aliyesahau ufunguo.
"Kadi yako nzima, mama. Dawa ndiyo haimo."

Somoe yuko begani kwangu, miaka tisa,
mwepesi kama gunia la korosho za mwisho wa msimu,
zile za kuokoteza chini ya majani.
Macho ya njano. Mifupa inamuuma
na hataki kulia mbele ya watu.
Daktari ameandika: mwandiko umo, muhuri umo,
mimi nimo, makato yangu yamo,
selimundu imo, imo ndani ya damu yake tangu tumboni.
Dawa tu.

Sisi huku, mwanangu, bei hatuletewi gizani.
Oktoba tunakaa chini, uwanja wa ghala,
sanduku linafunguliwa mbele yetu,
barua za wanunuzi zinasomwa moja moja, kwa sauti.
Bibi Nantembo, kiziwi, husomewa sikioni.
Kisha tunaulizwa: mnauza, hamuuzi?
Mwaka juzi tulikataa. Tulikataa mara mbili.
Magunia yakalala, tukatafuna makopa,
lakini neno lilikuwa letu.

Orodha hii ilisomwa uwanja gani?
Nani alinyoosha mkono, dawa ya Somoe ikatolewa?
"Wataalamu," akasema, "huko juu."
Juu! Sisi Newala tuko juu ya mlima,
asubuhi ukungu tunaukanyaga kwa miguu.
Juu gani hiyo nyingine?

Ningeishia hapo, na hasira yangu safi,
ningelala.
Lakini usiku wodini, Somoe akinibana kidole,
nikamwona mzee Likumbage kwenye mkutano wa chama,
kofia mkononi, akiomba shilingi ishirini kwa kila kilo,
msimu mmoja tu,
mkewe apelekwe Mtwara akasafishwe figo.
Aliongea taratibu, kama anayedaiwa.
Mwenyekiti akasema: wanaokubali?
Nikapiga hesabu. Kilo mia nne mara ishirini,
elfu nane. Viatu vya Somoe vya shule.
Mkono wangu ulikuwa umeshafika begani.
Nikajikuna nao shingoni.

Bi Esha tulimzika kabla mikorosho haijatoa maua.
Nilipika ubwabwa wa matanga. Nilisifiwa chumvi.

Basi nani aamue?
Daktari Mnali angeandika kila kitu, hata mvua.
Mhasibu anajua kidonge ni shilingi ngapi,
hajui usiku wa mifupa una saa ngapi.
Mkutano una mikono mia sita,
na nyumba zenye selimundu ni tatu,
na mikono, nimekwisha kuwaambia, huwashwa shingo.
Mimi msinipe kalamu.
Ningemwandika Somoe wa kwanza,
Somoe wa pili,
wa tatu ningefikiri kidogo, kisha Somoe.

Sijui. Ninaujua uwanja wa ghala tu.
Ileteni pale. Isomwe dawa moja moja, kwa sauti,
na penye haimo asimame aliyeitoa,
aseme aliitoa kwa sababu gani, aiseme taratibu,
Bibi Nantembo asomewe sikioni.
Na mzee Likumbage akae mbele,
nimwone, anione.
Tutakosea. Lakini tutakosea tukitazamana.

Asubuhi nilirudi dirishani.
Kijana akanitambua, akashusha macho.
"Mama, bado haimo."
"Najua. Nimekuja uniandikie jina lake,
hiyo dawa, kwa herufi kubwa."
Ni refu, jina lenyewe, limejaa mawe mdomoni.
Nalitamka njiani, nalitamka nikipalilia,
Somoe ananisahihisha.
Sitaki kulikosea
siku watakapotuuliza: mnauza, hamuuzi?